Viti Vilivyokabidhiwa Mara Mbili

Jumatatu ya wiki ya nane, mratibu wa shughuli alisimama getini kutekeleza jukumu tukufu ambalo halikuandikwa popote katika mkataba wake: kuwaambia watu wasioweza kutembea waje tena wiki ijayo.

Walikuwa kumi na mmoja asubuhi hiyo. Fundi viatu alikuja mgongoni kwa mke wake, miguu yake miembamba ikining'inia kama mikono ya sweta lililofungwa kiunoni. Mwalimu mstaafu aliletwa na jirani kwa toroli la kubebea mchanga, amevaa tai. Wengine walishushwa na ndugu zao chini ya ukuta, kwenye kivuli chembamba kisichotosha hata paka. Nyuma ya ukuta huo, ndani ya stoo, vilikaa viti vya magurudumu thelathini na viwili, vipya kabisa, kila kimoja kwenye boksi lake, vikipumzika.

"Wiki ijayo," alisema mratibu.

"Ni ileile ya wiki iliyopita, au kuna nyingine?" aliuliza mke wa fundi viatu.

"Mgeni rasmi amechelewa."

"Mgeni rasmi anatembea?"

"Anatembea."

"Basi mwambie atembee." Akamsogeza mumewe juu kidogo mgongoni, kama mtu anavyosogeza mtoto mzito, akageuka kuanza safari ya kurudi.

Taasisi ile ilikuwa ya kijamii. Neno "jamii" lilikuwa kwenye bango la geti, kwenye fulana, kwenye vikombe vya chai, na kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi, ambacho jamii haikuruhusiwa kukitumia. Na taasisi ilikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa: hakuna kifaa kinachotoka stoo mpaka mgeni kutoka kwa wafadhili akabidhi kwa mkono wake, na kamera iwe inatazama. Mgeni alikuwa ameahirisha mara tatu, kila mara kwa barua yenye masikitiko mazito.

Mratibu alipanda ngazi hadi kwa mkurugenzi. Miaka tisa alikuwa akizipanda ngazi hizo. Yeye ndiye aliyejua mahema yanakodiwa wapi, dereva yupi husinzia akishiba, na kipaza sauti kipi hupiga kelele kikishikwa na mtu mwenye pete. Kitu kikitokea kwa wakati, taasisi ilipongezwa. Kikichelewa, aliitwa yeye. Kwa huduma hiyo alipewa mkataba wa mwaka mmoja, mara tisa. Kila mwisho wa mwaka aliachishwa kazi kwa siku mbili, akaajiriwa upya siku ya tatu, ili asije akazoea.

"Mkurugenzi, tuwape viti. Sherehe ifuate."

"Halafu mgeni akija akabidhi nini? Hewa?"

"Akabidhi vyeti."

"Cheti hakitoki vizuri kwenye picha." Mkurugenzi alivuta droo akatoa karatasi moja, akaishika kwa ncha za vidole kama anayeonyesha picha ya mchumba. "Unaona? Mkataba wako wa kudumu. Bima ya familia, likizo, kila kitu. Makabidhiano yakipita salama, natia sahihi siku hiyohiyo. Kwa hiyo usiniharibie sherehe yangu, ukaharibu na mambo yako."

Aliirudisha karatasi kwenye droo. Mratibu aliitazama mpaka droo ikafungwa.

*

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili vinavyotazama ua wa pamoja, na watu wanne wa kuvijaza. Mume wake alikuwa fundi wa dari, na dari zote za mji zilikuwa zimeamua kutoharibika mwaka huo. Binti yao alikuwa kidato cha tatu, umri wa kujua kila kitu. Mama mkwe alikuwa na presha, vidonge vya aina tatu, na mdomo usiohitaji kidonge chochote. Alimwita mke wa mwanawe "Bosi", na hakuna aliyejua kama ni heshima au matusi.

"Ngoja nielewe, Bosi," alisema mama mkwe walipokuwa wakila. "Kuna watu hawatembei. Kuna viti vyao. Na viti vinamsubiri mtu anayetembea."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye unawaambia."

"Ndiyo, mama."

"Unalipwa kwa hilo?"

"Mama, aache ale," alisema fundi wa dari.

"Ale. Mimi nimeuliza kazi tu."

Mratibu hakula. Alikuwa mtu wa orodha. Tatizo likimkaa kichwani alilipangia safu na mistari, na kufikia asubuhi alikuwa amepata mpango safi, wenye daftari. Watu wa kazi nyingine hukosea kwa uzembe. Watu wa kazi yake hukosea kwa mpangilio.

Jumatano mkurugenzi alisafiri kwenda semina ya siku tano kuhusu namna ya kuisikiliza jamii. Saa mbili baadaye mratibu alifungua stoo. Mlinzi wa geti, aliyekuwa amechoka kusaidia kuinua watu, alifungua maboksi kwa kisu cha mkate. Kila mtu alipewa kiti kwa kuazima, kufuatana na zamu yake ya kufika getini, akatia sahihi au kidole gumba chini ya maneno haya: "Nimeazima kiti. Nitakirudisha kabla ya sherehe. Siku ya sherehe nitapewa tena, na nitafurahi."

"Hapa pa kufurahi," alisema mwalimu mstaafu, kalamu mkononi, "panapimwaje?"

"Tabasamu linatosha, mwalimu."

"Meno yanahitajika?"

"Ukiwa nayo."

Maboksi matupu yalibandikwa upya kwa selotepu yakapangwa kama yalivyokuwa. Mkurugenzi aliporudi alichungulia stoo, akahesabu maboksi thelathini na mawili, akaridhika. Wiki zote zilizofuata alipita mbele ya ukuta wa makaratasi yenye hewa ndani, akiwaambia wageni, "Hapo ndipo kazi yetu inapoonekana." Getini hakukuwa na mtu tena. Hakuuliza walikwenda wapi.

*

Tarehe ilipothibitishwa, mratibu aliwapigia simu wote thelathini na wawili. Siku moja kabla, mchana, viti viliingia katika ua wake kwa pikapu, na hapo ndipo familia ilipokutana na ukweli.

Havikuwa viti vipya. Viti vya watu thelathini na wawili walioishi wiki nne vinakuwa na historia. Cha fundi viatu kilikuwa na droo ya misumari chini ya kalio na breki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Cha mwalimu kilikuwa na kengele ya baiskeli na mfuko wa magazeti. Cha msichana mmoja wa shule ya msingi kilikuwa kimepakwa rangi ya kucha kwenye vyuma vyote viwili vya miguu. Vyote vilikuwa na matope mpaka kwenye ekseli.

"Hivi ndivyo vipya?" aliuliza mama mkwe.

"Kesho vitakuwa."

Waliosha. Fundi wa dari alifungua droo, akang'oa kengele, akasugua chuma kwa msasa. Binti alikwangua rangi ya kucha kwa kisu, na kwa sababu alikuwa binti aliifanya kazi hiyo kwa huzuni. Mama mkwe alikaa katika kila kiti kilichokauka, kimoja baada ya kingine, akitoa maoni. Majirani walisimama kwenye milango yao wakiuliza kama kumefunguliwa hospitali.

"Mke wangu," alisema fundi wa dari huku akikaza nati, "kesho ukipata ile sahihi, mimi nitalala siku mbili. Wewe hujui. Kila Desemba mimi ndiye huwa siwezi kupumua."

"Nitaipata."

"Basi huyu mwalimu atatafuta kengele nyingine."

Jioni hiyo watu thelathini na wawili walikaa majumbani mwao juu ya mikeka. Na asubuhi, kwa kuwa sherehe ilitaka waje wakiwa hawana viti, walibebwa. Mke wa fundi viatu, ambaye kwa wiki nne mgongo wake ulikuwa umesahau mzigo, alifika getini akiwa ameinama, akapita mbele ya mratibu bila kumsalimia.

*

Sherehe ilikuwa na mahema mawili, maua ya plastiki, na keki yenye umbo la kiti cha magurudumu, wazo la afisa habari. Huyo afisa habari ndiye aliyeandaa orodha ya watakaoitwa, naye aliipanga kwa kufuata sura: waliojaa huzuni nzuri mbele, waliokunja uso nyuma. Mratibu alivipanga viti kwa namba za stoo, kuanzia moja hadi thelathini na mbili, vikimeta juani. Alikuwa amefikiria mvua, jenereta, maji ya kunywa na vijiti vya meno. Hakufikiria jambo moja tu, kwamba mtu akikaa kwenye kiti wiki nne, kiti hicho huacha kuwa kifaa namba moja.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnyamavu mwenye miwani. Aliyeitwa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, kwa sababu ya tai. Vijana wawili walimwinua wakamkalisha, mgeni akashika mpini, kamera ikasogea. Mwalimu alitabasamu kama alivyotia sahihi. Kisha akahama kalio moja, akahama la pili, na tabasamu likakauka.

"Mgeni rasmi, nashukuru sana," alisema. "Ila kwa kweli hiki si changu."

"Sasa ni chako, mwalimu," alisema mgeni.

"Hapana. Changu ni cha sita kutoka pale. Hiki ni cha fundi viatu. Ukikisukuma kinakwenda kulia."

Afisa habari aliendelea kupiga picha. Mkurugenzi aliendelea kupiga makofi, peke yake.

"Mwalimu," sauti ya fundi viatu ilitoka nyuma, juu ya mgongo wa mkewe, "usiiguse hiyo breki. Itakuachia."

Hapo watu walicheka, na kicheko kilipoanza hakuna aliyeweza kukirudisha. Msichana wa shule alikionyesha chake kwa kidole na kuuliza rangi yake imekwenda wapi. Mtu mmoja alisema tairi lake limebadilishwa. Mwingine akasema halijabadilishwa, limeoshwa, ni lini mara ya mwisho aliliona safi. Ndani ya dakika mbili sherehe ilikuwa kama mlango wa bweni asubuhi kengele ikilia, kila mmoja akitafuta viatu vyake.

Mgeni rasmi hakucheka. Alimwendea mke wa fundi viatu. "Mlivipata lini?"

Mke wa fundi viatu alimtazama mratibu. Kisha akamtazama mgeni. "Wiki nne, mama. Tuliambiwa tusiseme, na nilikubali kutosema. Lakini mume wangu ana uzito, na nimesimama tangu saa moja."

"Na vilifika stoo lini?"

Swali hilo mgeni alimuuliza mkurugenzi. Mkurugenzi alimgeukia mratibu, kama alivyofanya kwa kila swali kwa miaka tisa.

"Wiki kumi na mbili," alisema mratibu.

"Kwa hiyo wiki nane walinisubiri mimi."

Mgeni alifunga jalada lake. "Wakalisheni watu," alisema, "kila mmoja pake." Akaondoka bila kuonja keki, na wale vijana wakala magurudumu yote mawili.

*

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi hakumkaribisha mratibu akae. Alisimama nyuma ya meza kama kiranja wa zamu aliyekuta taa inawaka.

"Umenivua nguo mbele ya wafadhili."

"Nilitaka watu wakae."

"Umeiba mali ya taasisi ukaigawa."

"Nimewapa wenyewe."

"Hawakuwa wenyewe mpaka wakabidhiwe." Alivuta pumzi, akashusha sauti, na sauti iliposhuka ilikuwa mbaya zaidi. "Sikiliza. Mimi si mtu wa kinyongo. Ofisa wao atakuja kukagua baada ya miezi miwili. Nataka akute viti vyote stoo, vimekarabatiwa, vina namba. Tutakabidhi upya, kwa utaratibu unaoeleweka. Vikusanye."

"Hiyo miezi miwili watu wakae wapi?"

"Kabla ya viti walikuwa wanakaa wapi?"

Alisema hivyo bila kukunja uso, kwa upole kabisa, kama mtu anayekumbusha jambo lililosahaulika. Mratibu alikuwa na majibu manne, yote mazuri, na yote yalikuwa ya mtu mwenye mkataba wa kudumu.

Mkurugenzi aliweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa Fomu ya Kurejesha Vifaa, yenye safu nne: namba, mnufaika, hali ya kifaa, na sababu endapo hakikurejeshwa. Ya pili ilikuwa ule mkataba. Juu yake aliweka kalamu, kifuniko kimeshatolewa.

"Ijumaa uniletee fomu. Ikiwa kamili, hii kalamu inafanya kazi."

*

"Vikusanye," alisema fundi wa dari.

Walikuwa uani, mchana, yeye akichonga ubao usio na mteja.

"Hukusikia alivyosema? Walikuwa wanakaa wapi."

"Nimesikia. Ni mtu mbaya. Lakini viti ni vya nani? Vya taasisi. Wanavitaka, wape. Wewe hukumvunja mtu mguu."

"Nikamshushe fundi viatu chini kwa mikono yangu."

"Kwa miezi miwili. Halafu atapewa tena. Mimi nina miaka mitatu sijapata kazi ya mwezi mzima, nani ananiletea kiti?" Aliweka randa chini. "Sisemi ni haki. Nasema mwenye nyumba akija haulizi haki. Mtoto ana ada. Mama ana vidonge. Mkataba huo ungelipia vyote viwili."

"Mimi nitoeni humo," sauti ya mama mkwe ilitoka ndani. "Mkitaka kumvuta mtu kwenye kiti mvuteni kwa majina yenu. Si kwa presha yangu."

"Mama, hatusemi na wewe."

"Mnasema habari za vidonge vyangu, lakini si na mimi."

Mratibu alimtazama mumewe, bega lake moja lililoshuka kwa kazi ya kuangalia juu miaka ishirini. Alichosema mumewe hakikuwa uongo. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi: mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kiyoyozi chake, na hapa uani watu wawili waliopendana walikuwa wakigombana kwa niaba yake, bure.

"Kesho naenda na pikapu," alisema.

*

Fundi viatu alikuwa mahali pake, pembeni ya barabara, mwavuli umefungwa upya kwenye mgongo wa kiti, droo ya misumari imerudi chini ya kalio. Mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye kopo, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi. Fundi aliiona pikapu tupu ikisimama. Akamwona mratibu akishuka na fomu.

"Kumbe ni leo," alisema.

"Fundi, nimetumwa."

"Najua. Hukuja kushona." Aliweka kiatu pembeni, akaegemeza mikono yote miwili kwenye vyuma, akajiinua, akajishusha mwenyewe mpaka chini, juu ya vipande vya mpira na nyuzi zilizokatwa. Alifanya haraka, ili asishikwe. "Chukueni. Ila huyo atakayepewa mwelezeni ile breki."

"Nani atakurudisha nyumbani?"

"Mke wangu. Tangu mgongo wake upate nafasi ameanza kufua kwenye nyumba ya wageni. Akitoka saa kumi na moja atanipitia." Alifuta vumbi kwenye goti lake. "Akiacha hiyo kazi itakuwa nafuu, atakuwa ananipitia mapema."

Dereva alikunja kiti akakipandisha kwenye pikapu. Kilipogonga bati, misumari ilimwagika kutoka kwenye droo. Fundi viatu alianza kuiokota, mmoja mmoja, akijivuta kwa kiwiko kuifuata ile iliyobingirikia barabarani. Mteja aligeuza uso akatazama ukuta. Mtu aliyekuwa akipita alimruka fundi kama unavyorukwa mfereji, wala hakupunguza mwendo.

"Shusha," alisema mratibu.

"Si umesema nipandishe?" aliuliza dereva.

"Nimesema ushushe."

Dereva alimtazama kwa huruma ya watu wanaoendeshwa na wakubwa siku nzima, akashusha. Wawili hao walimwinua fundi viatu wakamrudisha mahali pake. Alikuwa mzito, kama mkewe alivyosema. Mratibu aliokota misumari iliyobaki, kisha akaweka fomu juu ya bodi ya gari. Safu ya kwanza: moja. Ya pili: fundi viatu. Hali ya kifaa: kizima. Akafika safu ya nne, sababu endapo hakikurejeshwa, akaandika neno moja: "Amekikalia."

Basi wakaendelea, kwa sababu kazi ni kazi na fomu ilikuwa na mistari thelathini na miwili. Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa siku mbili. Mwalimu mstaafu aliomba kuisoma fomu, akaisoma yote, akavua miwani na kusema sababu imejitosheleza. Msichana wa shule walimkuta darasani, wakamchungulia dirishani, naye akawapungia mkono: amekikalia. Kwa bibi mmoja walikuta kiti kitupu, mwenyewe amelala kitandani usingizi wa mchana.

"Huyu hajakikalia," alisema dereva, aliyekuwa ameanza kuichukulia kazi hiyo kwa uzito.

"Ataamka."

*

Ijumaa mkurugenzi aliipokea fomu kwa mikono miwili. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akageuza ukurasa. Kidole chake kiliteremka safu ya nne hadi chini kabisa.

"Hii ni nini?"

"Ni sababu."

"Umeandika kitu kimoja mara thelathini na mbili."

"Nilienda mara thelathini na mbili."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana. Pikapu iko chini, ina mafuta. Dereva anazijua nyumba zote. Nenda mwenyewe, anza na yeyote. Ukifika mwambie ashuke."

Mkurugenzi alitazama dirishani, ilipokuwa pikapu. Akaitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia. Kisha akatoa mkataba kwenye droo, akaukunja mara mbili, akautumbukiza kwenye kikapu cha taka, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu.

"Unajua ulichokitupa?"

"Aliyetupa ni wewe," alisema mratibu. "Nimekuona."

Alipewa nusu saa kukusanya vitu vyake. Vilikuwa kikombe, sweta, na dawa ya mbu. Pale getini mlinzi alilazimika kumpekua, kama kanuni ilivyotaka, naye alifanya hivyo huku amefumba macho.

Nyumbani alisema kwa sentensi moja. Fundi wa dari aliingia ndani akafunga mlango. Akakaa humo mpaka chai ikapoa. Kisha akatoka. Alichukua zana zake akaenda kupita mtaa kwa mtaa, akitazama dari za watu kupitia milango iliyo wazi. Kwa siku tisa walizungumza habari za chumvi na maji tu. Mama mkwe alianza kumeza vidonge siku moja ndiyo, siku moja hapana, na binti alipomwuliza alisema kwamba sasa presha yake nayo iko kwenye mkataba wa muda.

Siku ya kumi, baada ya shule, binti alitoka ndani akiwa ameinua simu ya baba yake.

"Mama, wametangaza kazi yako."

Walikuwa wote uani. Fundi wa dari aliacha kufunga kamba za viatu.

"Soma," alisema mama mkwe.

Binti alisoma, akisimama wima kama kwenye paredi. "Anatafutwa mratibu wa shughuli. Awe na shahada. Awe na uzoefu usiopungua miaka tisa. Awe mtu wa jamii, mwenye moyo, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa." Akashusha simu.

"Malizia."

"Aina ya mkataba." Binti alimtazama mama yake. "Wa kudumu."

Jirani aliyekuwa akianika nguo alishika kibanio mdomoni na hakukitoa. Fundi wa dari alitamka neno ambalo alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mama yake, na mama yake akasema, "Rudia, mimi sisikii vizuri sikio hili."

Mratibu ndiye pekee ambaye hakutukana. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na karatasi za mistari na kalamu, akaziweka mbele ya binti yake.

"Mwisho wa maombi ni lini?"

"Tarehe thelathini. Mama, hutaki kweli—"

"Andika. Mimi nakutajia. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

Fundi wa dari alivuta stuli akakaa karibu nao, mara ya kwanza kwa siku kumi. Binti aliandika anwani, tarehe, na "Ndugu Mkurugenzi". Aliandika miaka tisa, mwaka mmoja mmoja, kila mmoja na mahema yake. Kwenye shahada aliandika hana. Kwenye sababu ya kuacha kazi ya mwisho mratibu alitaja kila kitu, wiki nane, wiki nne, pikapu na fomu, bila kupandisha sauti, na karatasi ya pili ikajaa.

"Hapa chini wanataka wadhamini," alisema binti. "Watu watatu wanaokufahamu kikazi."

"Waandike thelathini na wawili."

"Wamesema watatu, mama."

"Waandike wote. Na mbele ya kila mmoja weka nyumba yake ilipo na namba ya simu." Alimsogezea lile daftari la sahihi na vidole gumba. "Kisha ongeza hivi: Mkurugenzi akipenda kuwauliza, asihangaike kuwafuata. Awaite tu ofisini kwake. Siku hizi wanafika wenyewe."